Mfalme Alipobatizwa, Watu Walifuata: Somo kwa Watafutao Ukweli

Kila mwenye kutafuta ukweli wa dini hufika mahali akaulizwa, au akajiuliza mwenyewe, swali hili: "Ikiwa Ukristo haukuletwa kwa ajili ya walimwengu wote, ilikuwaje Ulaya nzima ikaupokea? Je, mataifa mengi namna hiyo yangeiacha miungu ya baba zao pasipo kusadikishwa kwa hoja?"

Hili ni swali la haki, wala halifai kupuuzwa. Mwenye kuliuliza anastahili kujibiwa kwa habari zilizoandikwa na Wakristo wenyewe, si kwa matusi wala kwa kubahatisha. Basi katika somo hili tutazitazama zama zilizo baina ya mwaka 480 na mwaka 850 hivi. Tutaona jinsi ubwana, ufalme na ushujaa vilivyoufungulia Ukristo mlango wa Ulaya, na jinsi Ukristo wenyewe ulivyobadilishwa sura ulipopita katika mlango huo. Kisha tutarejea kwetu, maana somo la tarehe lisilomrudia msomaji mwenyewe ni hadithi ya kupitisha wakati tu.

1. BWANA ALIKUWA NANI?

Dola ya Rumi ya magharibi ilianguka mwaka 476. Mahali pake palisimama falme za mataifa yenye asili ya Kijerumani: Wafaranka katika nchi ambayo leo huitwa Ufaransa, Wagothi katika Italia na Hispania, na Waanglo-Saksoni katika Uingereza. Wasaksoni wenzao walibaki kaskazini ya Ujerumani.

Miongoni mwa watu hawa, kifungo kilichowaunganisha wenye silaha kilikuwa kiapo baina ya bwana na wafuasi wake. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Tacitus, aliyeandika habari za Wajerumani mwaka 98, aeleza ya kwamba kwao ilikuwa aibu ya maisha mtu kurudi hai kutoka vitani hali bwana wake ameuawa. Naye bwana, kwa upande wake, aliwajibika kuwalisha wafuasi, kuwapa farasi, silaha na pete za dhahabu, na kuwaketisha katika ukumbi wake. Katika Kiingereza cha kale bwana aliitwa hlaford, na asili ya neno hilo ni "mlinzi wa mkate". Ndilo lililozaa neno la Kiingereza cha leo la kumwita bwana, tena ndilo wamwitalo Mungu katika sala zao. Ukumbuke mkate huo, ndugu msomaji, maana tutaukuta tena mbele.

Ama mfalme, yeye alikuwa bwana wa mabwana. Nyumba nyingi za kifalme za Waanglo-Saksoni zilijinasibisha na mungu wao Woden. Mfalme akishinda vita, watu walisema miungu imempenda. Akishindwa, walisema imemwacha. Katika hali kama hiyo mtu wa kawaida hakuuliza, "Dini ipi ni ya kweli?" Aliuliza, "Bwana wangu amesimama upande gani, na mungu yupi ampaye ushindi?" Haya ni maswali mawili yaliyo mbalimbali kabisa, na kutofautiana kwake ndiko kutakakotufungulia somo hili lote.

2. CLOVIS NA NADHIRI YA VITANI

Clovis alirithi ufalme wa Wafaranka mwaka 481. Habari zake twazipata kwa Askofu Gregory wa Tours, aliyefariki mwaka 594. Mkewe Clotilde alikuwa Mkristo, akambembeleza muda mrefu aache masanamu. Mtoto wao wa kwanza alibatizwa akafa papo hapo, angali katika mavazi ya ubatizo. Clovis akakasirika, akasema ya kuwa kama mtoto angewekwa chini ya miungu yake yeye, angaliishi.

Kisha ikaja vita baina yake na Waalamani. Jeshi lake likawa linateketea. Hapo, asema Gregory, Clovis akamwita Yesu akaweka nadhiri: akipewa ushindi, atamwamini na kubatizwa, kwa kuwa miungu yake ameiita na haikumsaidia. Akashinda. Askofu Remigius akambatiza katika mji wa Reims, na pamoja naye wakabatizwa askari zaidi ya 3,000. Wanatarehe wengine huliweka tukio hilo mwaka 496, wengine hulisogeza hata mwaka 508.

Tujiulize kwa uadilifu: katika habari hiyo iko wapi hoja? Ni nani aliyeuliza kama Mungu ni mmoja au ni watatu? Ni nani aliyeuliza kuhusu dhambi, toba, au maisha ya akhera? Askari wale 3,000 walisadikishwa na nini, isipokuwa ya kwamba bwana wao amebadili upande? Tena mfalme mwenyewe hakubadilika mwenendo. Kwa mpangilio wa Gregory, baada ya ubatizo wake Clovis aliwaua kwa hila na kwa upanga wafalme wa Kifaranka waliokuwa jamaa zake, akatwaa nchi zao. Naye Askofu, baada ya kusimulia mojawapo ya mauaji hayo, asema Mungu alikuwa akiwaangusha adui za Clovis kwa sababu alikwenda kwa moyo mnyofu! Mizani ya ushujaa ilikuwa imeingia kanisani: mwenye kushinda ndiye mwema.

Liko jambo jingine la kuzingatia. Wagothi walikuwa Wakristo tangu zamani, lakini walifuata mafundisho ya Arius, ambaye alisema Mwana si sawa na Baba, bali ameumbwa, na ambaye alihukumiwa katika baraza la Nikea mwaka 325. Hatusemi ya kwamba itikadi yao ilikuwa tauhidi safi, haikuwa hivyo. Lakini walilikataa neno moja kubwa ambalo nasi twalikataa, yaani kumlinganisha Nabii Isa a.s. na Mwenyezi Mungu. Je, Wagothi waliliacha neno hilo kwa kushindwa katika majadiliano tu? La. Mwaka 507 Clovis aliwapiga huko Vouillé, mfalme wao Alaric wa Pili akauawa. Mwaka 587 mfalme wao mwingine, Reccared wa Hispania, akahamia upande wa Kikatoliki, na baraza la Toledo la mwaka 589 likaifanya itikadi hiyo kuwa ya taifa zima. Basi swali la kama Mwana ni sawa na Baba lilikatwa, kwa mataifa hayo, na upanga wa mfalme mmoja na uamuzi wa mfalme mwingine.

3. MKATE WA WANA WA SÆBERHT

Mwaka 597 mtawa Augustine, aliyetumwa na Papa Gregory wa Kwanza, alifika katika ufalme wa Kent huko Uingereza. Habari zake zimo katika kitabu cha mtawa Bede, alichokimaliza mwaka 731. Mfalme Æthelberht, ambaye mkewe Bertha alikuwa Mkristo wa Kifaranka, aliwapokea wageni kwa heshima. Aliwaambia ya kuwa hawezi kuziacha mara moja desturi alizozishika pamoja na taifa lake, lakini akawapa chakula na ruhusa ya kuhubiri. Baadaye akabatizwa. Twapaswa kumpa haki yake: Bede asema hakumlazimisha mtu, kwa kuwa alifundishwa ya kwamba kumtumikia Kristo ni kwa hiari. Hata hivyo aliwapenda zaidi waliobatizwa. Nawe msomaji waweza kufahamu maana ya mapenzi ya bwana katika nchi ambayo mkate, farasi na ardhi vyatoka mkononi mwake. Papa Gregory aliandika katika barua ya mwaka 598 ya kuwa watu zaidi ya 10,000 walibatizwa katika Krismasi moja.

Basi na tuone mwisho wa ubatizo huo. Æthelberht alikufa mwaka 616. Mwanawe Eadbald hakuwa Mkristo, akamwoa mke wa babaye, na wengi waliobatizwa kwa kumcha au kumpendeza baba wakarudi walikotoka. Katika ufalme wa jirani wa Essex, mfalme Sæberht aliyebatizwa akafa pia, akaacha wana watatu. Wana hao walirudi hadharani kwenye masanamu. Siku moja walimwona Askofu Mellitus akiwagawia watu mkate wa sakramenti kanisani, wakamdai awape nao mkate ule mweupe aliokuwa akimpa baba yao. Akajibu ya kwamba wakikubali kuoshwa kwa maji ya ubatizo kama baba yao, watapewa. Wakasema maji hawayahitaji, lakini mkate wautaka. Alipokataa, wakamfukuza katika nchi.

Ndugu msomaji, usiwacheke upesi wana hao. Wao walielewa dini kama walivyofundishwa na jamii yao: bwana ni mlinzi wa mkate, na askofu huyu alikuwa akigawa mkate katika nyumba ya baba yao, kwa nini awanyime warithi? Kosa lao lilikuwa kosa la ubatizo wenyewe uliopita kwa mfalme bila ya kupita katika mioyo.

Katika ufalme wa kaskazini, Northumbria, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mfalme Edwin aliwakusanya wakuu wake kushauriana. Kuhani mkuu wa masanamu, Coifi, akasema ya kwamba hakuna aliyeitumikia miungu kwa bidii kumshinda yeye, na hata hivyo wako waliopata kwa mfalme vipawa na vyeo vikubwa kuliko vyake. Basi miungu hiyo haina nguvu. Kuhani mzima aiacha dini yake kwa kuwa haikumpa cheo! Hatukatai ya kwamba katika baraza hilo alikuwamo mkuu mwingine aliyeuliza swali la kweli, yaani mwanadamu ametoka wapi na baada ya uhai huu mfupi aenda wapi. Lakini ni Coifi aliyepanda farasi akalitupia hekalu mkuki.

Edwin alibatizwa siku ya Pasaka mwaka 627. Mwalimu wake Paulinus alikaa siku 36 huko Yeavering akibatiza watu katika mto Glen tangu asubuhi hata jioni. Miaka sita baadaye, Oktoba 633, Edwin aliuawa vitani. Paulinus akapanda chombo pamoja na malkia, wakakimbilia Kent. Wafalme wawili waliogawana nchi, Osric na Eanfrith, ambao wote walikuwa wamebatizwa, wakarudia masanamu. Kazi ya miaka sita ikaanguka pamoja na mtu mmoja.

Lakini halikuanguka lote, na hapa yafaa tuseme kweli hata kama yawahusu wasiokuwa sisi. Msaidizi wa Paulinus aliyeitwa James hakukimbia. Alibaki katika nchi yenye hatari, akifundisha. Kisha mwaka 635 akaja mtawa Aidan kutoka kisiwa cha Iona, ambaye alisafiri kwa miguu kijiji kwa kijiji akizungumza na kila aliyekutana naye. Mfalme mmoja alimpa farasi mzuri, naye akampa maskini farasi huyo pamoja na matandiko yake. Yale yaliyodumu yalidumu kwa watu wa namna hii, walioishi yale waliyoyasema. Hilo latufundisha ya kwamba hata katika zama za wafalme mioyo ilikuwa na njia yake, wala njia hiyo haikuwa ukumbi wa bwana.

4. UPANGA WA CHARLEMAGNE

Pale ambapo kufuata bwana hakukutosha, upanga uliongezwa. Charlemagne, mfalme wa Wafaranka, alipigana na Wasaksoni tangu mwaka 772 hata mwaka 804. Katika mwaka wa kwanza alibomoa nguzo yao takatifu iliyoitwa Irminsul. Mwaka 782, baada ya maasi, kumbukumbu za ufalme wake mwenyewe zasema aliwakata vichwa watu 4,500 kwa siku moja huko Verden. Kiongozi wao Widukind alisalimu amri akabatizwa mwaka 785, na aliyekuwa baba yake wa ubatizo ni Charlemagne mwenyewe! Katika miaka hiyo hiyo ilitolewa sheria kwa Wasaksoni: mwenye kujificha asibatizwe, auawe, mwenye kuchoma maiti kwa desturi ya kale, auawe, mwenye kula nyama wakati wa Kwaresima kwa kuudharau Ukristo, auawe.

Tangu utotoni Waislamu wengi tumesikia ikisemwa ya kwamba dini yetu ilienezwa kwa upanga. Basi tunayo haki kuomba sheria hiyo isomwe pia. Lakini hatuombi ili tuwatukane Wakristo. Maana aliyeikemea sera hiyo alikuwa Mkristo: Alcuin wa York, mwalimu mkubwa wa zama zake. Mwaka 796 aliandika barua akieleza ya kwamba imani ni jambo la hiari. Mtu aweza kuvutwa kwenye imani, hawezi kusukumwa. Waweza kumtia mtu majini kwa nguvu, lakini imani haiingii pamoja na maji. Akalaumu pia zaka nzito zilizotozwa Wasaksoni kabla hawajaelewa dini waliyoingizwa. Mwaka 797 sheria ikalegezwa. Hata hivyo, katika mwaka 841 Wasaksoni wengi wa tabaka la chini waliinuka wakidai desturi za zamani za baba zao. Miaka mingi ya ubatizo, na chini ya majivu moto ungaliwaka!

Maneno ya Alcuin ni mazuri, nasi twayaheshimu. Lakini mafundisho hayo yalikuwa yameteremshwa Madina zaidi ya miaka 160 kabla yake. Kurani Tukufu katika Sura Al-Baqarah, aya ya 257, yakataza kulazimisha katika dini, kwa kuwa uongofu umekwisha pambanuka na upotovu. Na katika Sura Yunus, aya ya 100, Mtume Mtukufu s.a.w. aambiwa ya kuwa kama Mola angetaka, wote walioko duniani wangeamini. Je, atawalazimisha yeye watu? Ikiwa Mwenyezi Mungu hakuitumia nguvu yake kuwafanya watu waamini, mfalme ni nani?

5. NABII ISA A.S. AKAVIKWA SILAHA

Sasa tufike kwenye jambo la ndani zaidi. Dini ikiingia kwa mlango wa ubwana, na mwenye dini huvikwa vazi la bwana. Zamani sana, katika karne ya 4, Askofu Ulfila alipofasiri Biblia kwa Kigothi, yaelezwa ya kwamba aliviacha vitabu vya Wafalme kwa kuwa Wagothi walipenda vita mno, nao walihitaji hatamu kuliko kichocheo. Wengine hawakuwa na tahadhari hiyo.

Yapata mwaka 830, miaka michache tu baada ya vita vya Charlemagne, mshairi mmoja wa Kisaksoni alitunga utenzi mrefu, karibu beti za mistari 6,000, uitwao Heliand, maana yake Mwokozi. Humo Nabii Isa a.s. ni mkuu wa vita, na wanafunzi wake ni askari wafuasi waliomwapia. Wachungaji wa kondoo wa Injili wamegeuzwa kuwa walinzi wa farasi. Petro achomoapo upanga bustanini, mshairi ausimulia ushujaa wake kwa furaha kubwa. Katika Uingereza nako kulitungwa shairi liitwalo Ndoto ya Msalaba, ambalo sehemu zake zimechorwa juu ya msalaba wa mawe ulioko Ruthwell, Scotland. Humo Isa a.s. ni shujaa kijana avuaye nguo zake na kuupanda msalaba mbio mbio kwa ujasiri, na msalaba ni kama mfuasi mwaminifu aliyelazimika kushiriki mauti ya bwana wake.

Hatukatai uzuri wa mashairi hayo. Lakini tuyaweke kando ya Injili yenyewe. Mathayo 26:39 yatuonyesha Isa a.s. akianguka kifudifudi, akimwomba Mungu kikombe kile kimwepuke. Luka 22:44 yasema alizidi kuomba hata jasho lake likawa kama matone ya damu. Na Waraka kwa Waebrania 5:7 wasema alimwomba kwa machozi Yule awezaye kumwokoa na mauti, akasikilizwa. Huyu si shujaa akimbiliaye msalaba. Huyu ni mja mnyenyekevu wa Mungu aombaye aokolewe na mauti ya msalaba, ambayo katika Torati ni mauti ya laana, na ambaye maombi yake yalikubaliwa. Nayo Kurani Tukufu, Sura An-Nisa, aya ya 158, yakanusha ya kuwa walimwua au walimfisha msalabani.

Unaona, ndugu msomaji, hasara iliyopatikana? Jamii iliyomtaka shujaa ilimpata shujaa, ikampoteza nabii mwenye kusali. Na mtu asiyemwona tena Isa a.s. akilia mbele ya Mungu, atafahamuje ya kuwa Isa a.s. naye alikuwa na Mungu wake?

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalijua neno bwana: twamwita mwenye nyumba, mwajiri, mume, na mtu yeyote wa heshima. Kila taifa hulijaza neno hilo kwa sura ya mabwana wake. Kwa hiyo Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Fatiha alichagua kujiita Rabb, yaani Mwenye kuumba, kulea na kukuza hatua kwa hatua hata ukamilifu. Tena si Rabb wa ukumbi mmoja wala wa kabila moja, bali wa walimwengu wote. Mlinzi wa mkate huwalisha walioketi mezani pake. Mola wetu humlisha hata amkanushaye.

6. MADINA, MWAKA 632

Mtume Mtukufu s.a.w. alifariki mwaka 632, mwaka mmoja tu kabla ya Edwin kuuawa. Naye alikuwa kiongozi aliyependwa na wafuasi wake kuliko mfalme yeyote wa Ulaya. Hata Seyidna Umar r.a. hakuweza kukubali ya kuwa amefariki. Ndipo Seyidna Abubakar r.a. alipowatangazia watu ya kwamba ikiwa yuko aliyemwabudu Muhammad, basi ajue Muhammad amefariki. Ama mwenye kumwabudu Mungu, Yeye yu Hai. Akawasomea aya ya 145 ya Sura Aali Imran, isemayo ya kwamba Muhammad ni Mtume tu, na Mitume wa kabla yake wamekwisha pita. Wasomaji wetu wa siku nyingi waijua hoja ya pili iliyomo humo: Masahaba walituliza mioyo yao kwa aya hiyo kwa sababu walifahamu ya kwamba Mitume wote wa kabla wamefariki, na Isa a.s. ni mmoja wao.

Je, hapakuwa na walioritadi katika Uarabu? Walikuwapo, wala hatufichi. Yako makabila yaliyofuata machifu wao kuingia, yakafuata machifu wao kutoka. Ni ugonjwa ule ule wa Kent na Northumbria. Lakini Kurani Tukufu ilikuwa imekwisha utaja kabla: katika Sura Al-Hujurat, aya ya 15, mabedui waliosema wameamini waliambiwa waseme wamesilimu tu, kwa kuwa imani ilikuwa haijaingia katika mioyo yao. Hakuna kabila lililo salama na ugonjwa huo, wala dini. Hata katika tarehe ya Waislamu wako wafalme walioitumia dini kuwa kiti cha enzi. Tofauti ni hii: mwenye kufanya hivyo katika Uislamu aivunja Kurani Tukufu, hawezi kuitolea ushahidi.

7. NAWE JE?

Sasa nasema nawe, ndugu uliyejiunga karibuni, nawe dada unayechunguza. Hatuna leo ukumbi wa wafalme, lakini mabwana wako wengi. Yuko aingiaye dini kwa kumfuata mume, au mwajiri, au rafiki. Yuko aingiaye kwa kumpenda sheikh aliyemfundisha. Nimekuwa mwalimu muda wa kutosha kulijua jambo hili: mwanafunzi akinipenda mimi kuliko hoja nilizomletea, kazi yangu haijakamilika, maana kesho nitahamishwa, au nitamkosea, au nitakufa.

Usidhani nakufundisha kudharau uaminifu. Uaminifu wa wale mashujaa wa kale, waliokufa kando ya bwana wao badala ya kumkimbia, ni tabia tukufu iliyokosa mahali pa kutua. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alipotangaza masharti kumi ya baiati Januari 1889, hakuuondoa uaminifu. Aliutia mahali pake. Sharti la kwanza ni kujiepusha na shirki hata kufa. Sharti la kumi ni kufunga udugu naye kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na kumtii katika kila jambo jema. Tazama: "kwa ajili ya Mungu" na "katika jambo jema". Bwana wa Kijerumani hakuweka mipaka hiyo, na ndiyo sababu mfuasi wake hakuwa na la kufanya bwana alipopotea, ila kupotea naye.

Basi tumjibu yule aliyeuliza mwanzoni. Ulaya ilipokea Ukristo kwa njia nyingi, na wamo walioupokea kwa moyo safi. Lakini wingi wa waliobatizwa si ushahidi wa ukweli wa itikadi, maana wingi huo mara nyingi ulihesabiwa nyuma ya farasi wa mfalme. Nasi tusijivunie wingi kwa mizani ile ile tunayoikataa kwa wengine.

Mwenyezi Mungu atujalie imani isiyokufa akifa mtu, na uaminifu usiomwabudu mtu. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Clovis alibatizwa kwa sababu gani, nao askari wake kwa sababu gani? Eleza tofauti.

2. Kwa nini wana wa Sæberht waliutaka mkate na kuyakataa maji?

3. Soma Mathayo 26:36-44 na Waebrania 5:7. Je, zalingana na sura ya shujaa akimbiliaye msalaba?

4. Aliyekufundisha dini akiondoka kesho, ni hoja gani tatu zitakazobaki nawe? Ziandike kwa maneno yako mwenyewe, kisha uziombee dua.